Nilipewa alama 13 kati ya 25, je, mimi ni mgonjwa?

Daktari, pokea salamu kutoka Kaptembwo, Nakuru. Nina umri wa miaka 44, nachomelea mageti na madirisha. Mke wangu ni mwalimu Busia, huja nyumbani mwisho wa mwezi na shule zikifungwa. Tangu mwaka jana, akija, jogoo hawiki. Au huwika kidogo, kisha akanyamaza kabla hatujafika popote.

Nilienda kituo kimoja cha afya hapa mjini. Afisa wa kliniki, kijana wa rika la mpwa wangu, alichukua fomu ya maswali matano akaanza kunisomea mlango ukiwa wazi, akina mama wamejaa kwenye benchi pale nje na watoto wao. "Mzee, kwa miezi sita iliyopita, una uhakika kiasi gani kwamba uume utasimama na kubaki hivyo?" Nijibu nini, na kwa sauti gani? Nikawa nataja namba tu ili tumalizane. Akajumlisha, akapata 13 kati ya 25. Akasema mwenye 22 kwenda juu yuko sawa, mimi shida yangu iko kati ya ndogo na ya wastani. Akaniandikia sildenafil, tembe za kusaidia uume kusimama, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa hizo alama ndizo zinazonisumbua. Anayelala na mkewe kila siku ana mengi ya kujibia. Mimi nina wikendi chache, nyingine nimetoka kukesha kwenye kazi ya mtu, nyingine tumegombania karo hata kabla hajavua viatu. Na fomu haikuuliza kuhusu alfajiri, ambapo nikiwa peke yangu jogoo huwika bila taabu. Nimesoma kwamba hiyo ni dalili kuwa mishipa huenda ni mizima na tatizo liko zaidi kwenye mawazo. Lakini nimesoma pia kwamba mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo huweza kuonyesha hitilafu miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Hapo ndipo usingizi hunipaa, maana nina presha, na marehemu baba alikuwa na sukari.

Presha yenyewe hakuipima. Dawa ninazomeza hakuuliza, ilhali tembe yangu ya presha ni ile ya kukojoza, na mambo yalianza kuharibika miezi michache baada ya kuianza. Damu sikutolewa hata tone: si ya sukari, si ya mafuta, si ya homoni ya kiume, ambayo nasikia hupimwa asubuhi. Karatasi iliyo ndani ya pakiti ya sildenafil inaonya dawa hiyo isimezwe pamoja na dawa za moyo zenye naitreti. Mimi sizitumii, lakini yeye alijuaje?

Tembe zake sijazigusa. Huku nyumbani mke wangu ameshaanza kuuliza kama nina mtu hapa Nakuru, na sitaki kumtajia ugonjwa ambao sijapimwa.

Daktari, kwa ndoa ya mbali kama yetu, alama hizo zinatosha kusema nina upungufu wa nguvu za kiume? Nidai vipimo gani kwanza? Tembe ya presha naogopa kuiacha kivyangu, je, naweza kuomba nibadilishiwe? Na shule zikifungwa Agosti, niende na mama watoto tuulizwe pamoja, au mambo haya mwanamume huyaendea peke yake?

Fundi wa Kaptembwo, Nakuru