Tusiwachoshe vijana wetu kwa ajili ya kombe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wenzangu wa michezo wa Nyanda za Juu Kusini, hasa wanaochagua na kusimamia timu za UMISSETA (michezo ya shule za sekondari Tanzania), kuhusu kijana wa Kijapani anayeitwa Roki Sasaki. Yeye anacheza besiboli, mchezo ambao huku kwetu wachache wanaujua. Inatosha kusema kwamba Sasaki ni mrushaji, yaani ndiye anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, na katika mechi moja anaweza kurusha mara mia au zaidi kwa nguvu zote za bega na kiwiko.

Alizaliwa mwaka 2001 Rikuzentakata, mji wa pwani ambako tsunami ya Machi 2011 ilimwulia baba, babu na bibi. Akiwa bado mwanafunzi wa sekondari ya Ofunato, shule ya umma isiyo na jina kubwa, alirusha mpira kwa mwendo wa kilomita 163 kwa saa, kasi ambayo wengi wanaolipwa kwa kazi hiyo hawaifikii. Julai 2019, katika mchujo wa mkoa wa Iwate, alirusha mipira 194 katika mechi moja, na siku chache baadaye 129 katika nusu fainali. Fainali ikapangwa kesho yake. Kocha hakumchezesha hata kidogo; Ofunato ikafungwa 12 kwa 2, ikaikosa Koshien, mashindano ya taifa ambayo haikuwa imeyafikia tangu 1984, na simu za lawama zikamiminika shuleni. Kwetu mwalimu huyo angeandikiwa barua ya kujieleza.

Klabu ya Chiba Lotte Marines iliyomsajili nayo haikuwa na pupa, kwani mwaka wote wa 2020 ilimjenga mwili bila kumpanga katika mechi za ligi. Tarehe 10 Aprili 2022, akiwa na umri wa miaka 20, aliwakabili wapigaji 27 wa Orix Buffaloes na hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza, mahali mpigaji anapokimbilia ili aanze kutafuta pointi. 19 kati yao aliwatoa bila wao kuupiga mpira ukaingia mchezoni, 13 wakiwa mfululizo. Mechi ya namna hiyo, ambayo hakuna mpigaji anayefika kituo, haikuwa imeonekana katika ligi ya kulipwa ya Japani tangu 1994.

Sisemi kwamba kupumzishwa ni kinga ya kila jeraha. Mwaka 2025, msimu wake wa kwanza na Los Angeles Dodgers ya Marekani, bega lilimweka nje kwa miezi kadhaa, ingawa alirejea kwa wakati na kumalizia mechi ngumu za timu iliyotwaa ubingwa.

Hapa Rungwe nimemwona mshambuliaji wa kidato cha tatu akicheza asubuhi na jioni ya siku hiyohiyo, goti limevimba hata soksi haipandi. Akapakwa dawa ya kuchua, akarudishwa uwanjani kwa hoja kwamba bila yeye hatutoboi. Kamati za mashindano zipige marufuku mwanafunzi kucheza mechi mbili kwa siku, dakika za kila mchezaji ziandikwe daftarini, na mwenye maumivu asirudi uwanjani mpaka mhudumu wa afya, si kocha, amruhusu.

Mwalimu wa michezo,
Tukuyu, Mbeya