Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maji Yanaingia, Hayana Pa Kutokea

Ndugu wanachama wa umoja wetu wa umwagiliaji,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na orodha ya wanaodaiwa ada ya maji imebandikwa ubaoni, kwa hiyo sitaigusa. Nitazungumzia udongo. Malalamiko mengi yaliyoletwa kwenye kamati mwaka huu yaliitwa uhaba wa maji, lakini tulipotoboa ardhi tukakuta jambo jingine.

Tambarare yetu hii ya Kahe, kati ya mito ya Kikuletwa na Ruvu, imejengwa na mafuriko. Mto unapofurika, mchanga hutua karibu na kingo kwa kuwa ni mzito, na mfinyanzi huchukuliwa hadi kwenye mabonde ya nyuma ambako maji hutulia. Mashamba ya kando ya mto kwa hiyo yako juu kidogo na ni tifutifu lenye kichanga. Ya nyuma ni mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi. Tifutifu hunywa milimita 20 hadi 30 za maji kwa saa, mfinyanzi milimita 1 hadi 5 tu. Ratiba ya zamani iliyowapa wote zamu moja ilimnyima mmoja na kumzamisha mwenzake. Ratiba mpya inawapa wa kichanga zamu fupi za karibu karibu kwa vitunguu na mahindi. Wa mfinyanzi zamu ndefu za kujaza majaruba ya mpunga. Asiyejua shamba lake liko kundi gani atoboe shimo la mita 1.2. Madoa ya rangi ya kutu yakianza kwenye sentimita 40, au udongo ukiwa wa kijivu cha samawati, hapo maji hutuama, usipande vitunguu.

Sasa chumvi. Tuna maradhi mawili, na dawa ya moja haitibu jingine. Ukoko mweupe juu ya matuta ni chumvi ya kawaida, nayo husafishwa kwa maji: kina cha sentimita 30 cha maji, yaani takriban mita za ujazo 1,200 kwa ekari, kikipita ndani ya sentimita 30 za udongo huondoa karibu asilimia 80 ya chumvi yake. Sharti yapite na kutoka. Maharage huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikivuka desisimensi 1 kwa mita (kipimo cha chumvi cha maabara), vitunguu 1.2, mahindi 1.7, mpunga 3. Ndiyo maana eneo linalosafishwa tunalianzia na mpunga.

Ukoko mweusi unaoteleza ni magadi. Hapa sodiamu, madini yaliyomo kwenye magadi, imeshika chembe za mfinyanzi, nazo zikilowa hutawanyika na kuziba vitundu vyote. Kulisafisha shamba hilo kwa maji matupu ni kulizidishia ugonjwa. Kipimo hakina gharama: chukua kibonge kikavu ukubwa wa ncha ya kidole, kiweke taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Baada ya saa mbili, kikizungukwa na wingu kama maziwa yaliyomwagika, ni magadi. Msitumie maji ya mfereji. Chumvi iliyomo huficha wingu hilo.

Dawa yake ni jasi (gypsum), na bahati nzuri inachimbwa Makanya, jirani zetu wa Same. Kwa kila milikwivalenti 1 (kipimo kinachotolewa na maabara) ya sodiamu inayoondolewa katika gramu 100 za udongo, kina cha sentimita 30, panahitajika takriban tani 1.4 kwa ekari. Hapo ndipo maabara inapohitajika: chukueni udongo sehemu 10 hadi 15 kwa kwenda mshazari, changanyeni, pelekeni kilo moja TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa udongo. Jasi iliyosagwa vizuri ichanganywe na udongo wa juu, kisha maji yafuate. Na kwenye mashamba hayo mbolea ya SA (salfeti ya amonia) ni afadhali kuliko urea, ambayo sehemu kubwa hupotea hewani udongo ukiwa na magadi.

Mimi binafsi nisingemshauri mtu anunue hata mfuko mmoja wa jasi kabla ya mfereji wake wa kutolea maji kufanya kazi. Sodiamu iliyong'olewa isipopata njia ya kuondoka hubaki pale pale, na jasi imekwenda bure. Mifereji yetu ya kuingizia tunaizibua kila msimu kwa sababu kila mtu anaiona. Ile ya kutolea tumeiachia matete, mashapo na, tusemane ukweli, migomba ya baadhi yetu. Maji ya chini ya ardhi yakipanda na kuuvuka mpaka wa mita 1.5 kutoka juu, jua huyavuta na kuacha chumvi yake kwenye mizizi.

Kamati imeamua hivi. Kila tawi litafukia bomba la plastiki la mita 2 lililotobolewa matundu upande wa chini na kufungwa kitambaa, na mgawa maji atapima humo kina cha maji ya chini kwa kamba yenye uzito kila Jumatatu. Mifereji ya kutolea itachimbwa hadi kina cha mita 1.5 kuanzia mtoni kurudi juu, si kutoka mashambani kushuka, maana ukianzia juu unamletea jirani wa chini maji asiyo na pa kuyapeleka. Kazi ianze kabla ya masika. Chepe na panga kila mmoja aje nazo. Migomba iliyo ndani ya mkondo itang'olewa siku hiyo hiyo.