Kipimo cha saratani kitufuate kwenye vikoba

Ndugu Mhariri,

Wanaolalamika kwamba wanawake hatujitokezi kupima saratani ya mlango wa kizazi wangeuliza kwanza kipimo chenyewe kimewekwa wapi. Huku kwetu, kikiwepo, kipo kliniki ya mama na mtoto. Mwenye miaka 27 na mtoto mgongoni hufika pale kila mwezi. Wa miaka 46, kitindamimba wake yuko sekondari. Aende kliniki kufanya nini? Na huyu ndiye wa kumtafuta, maana kirusi cha HPV huchukua hata miaka 15 hadi 20 kuleta saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, muda huo ni mfupi zaidi.

Halafu kuna kile kitanda cha kupimia. Tuseme kweli: mama mtu mzima kulala pale mbele ya mhudumu kijana wa rika la mwanawe, pengine jirani yake, na pazia lenyewe fupi, ni mtihani. Ataaga kwamba anarudi kesho, harudi. Mimi simlaumu. Isitoshe, kwa aliyekoma hedhi kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi na kuangaliwa kwa macho, mara nyingi hakifai, kwa kuwa sehemu ya kuangaliwa huwa imeingia ndani.

Tangu 2019 Shirika la Afya Duniani linakubali mwanamke ajichukulie mwenyewe sampuli ya HPV. Ni kijiti laini, dakika chache, chumbani kwake, bila mtu kumtazama. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu hospitalini zinaweza kupima na kirusi hiki.

Basi wizara na halmashauri zilete vijiti hivyo kwenye vikoba, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa. Wanawake wa rika hilo tunakutana kila wiki kununua hisa, na asiyefika tunajua yuko wapi na kwa nini. Rejista gani ya hospitali inaweza hivyo? (Ila majibu yasipitie kwa mweka hazina! Mhudumu wa afya ampe mhusika peke yake, na amweleze kuwa kukutwa na kirusi si kukutwa na saratani.)

Na atakayeitwa hospitali aangaliwe na kutibiwa siku hiyohiyo, kwa kile kifaa cha kuunguza kwa joto sehemu iliyoathirika, kama hali yake inaruhusu. Ukimwambia arudi wiki ijayo, nauli ya bodaboda itakula mtaji wake wa vitumbua, na nyumbani ataulizwa anakwenda wapi tena.

Mwanachama wa kikoba,
Kilosa, Morogoro