Wanangu wachanjaji wa Tanga, mkiulizwa kuhusu vijusi msiseme uongo

Wanangu, assalaam aleikum, na wa kanisani tumsifu Yesu Kristo.

Wiki iliyopita nilimsindikiza mjukuu kliniki, na niliyoyaona huko hayajanitoka moyoni. Mama mmoja kijana wa Mabawa, kadi mkononi, aliuliza kwa sauti ya chini: "Dada, nasikia chanjo ya surua na rubela imetokana na mimba zilizotolewa. Kweli?" Mchanjaji hakuinua hata macho kwenye daftari. "Uongo huo, mama. Achana na mambo ya WhatsApp. Lete mkono wa mtoto." Yule mama akamrudisha mtoto mgongoni, akakaza kanga, akaondoka.

Nimekuwa muuguzi miaka 34. Aliyesema uongo pale hakuwa mama.

Kweli ni hii, ijueni. Mwaka 1962 Leonard Hayflick, mtafiti wa taasisi ya Wistar kule Philadelphia, alipata mapafu ya kijusi cha mimba iliyotolewa kihalali Sweden, akaotesha seli zilizoitwa WI-38. Mwaka 1966 Waingereza wakaotesha za kwao, MRC-5, kutoka kijusi kingine. Kirusi cha rubela hakikui bila seli hai, ndiyo maana kinakuzwa humo. Hata kirusi chenyewe cha chanjo, RA 27/3, kilipatikana kwenye kijusi cha mama aliyeugua rubela. Lakini mimba hizo hazikutolewa kwa ajili ya chanjo, na seli za leo ni vizazi vya zile zile za zamani, hugawanyika na kuhifadhiwa kwenye baridi kali. Haihitajiki mimba nyingine. Kirusi kikivunwa husafishwa, na kinachoweza kubaki ni vipande vidogo mno vya vinasaba.

Kuyasema hayo ni dakika tatu. Mnazikosa wapi?

Naisema kwa ukali kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Miaka mingi nilimpokea mtoto, nikadunga, nikajaza kadi, nikaita "mwingine!" Foleni ilikuwa ndefu na niliona maelezo yanachelewesha kazi. Siku moja bibi mmoja wa Pangani alinishika mkono: "Mwanangu, bwana mifugo akija kuchoma mbuzi zangu hunieleza anawachoma nini. Wewe unamchoma mjukuu wangu kimya kimya?" Sikuwa na jibu. Nilisimama na bomba la sindano mkononi, naona haya mbele ya foleni nzima.

Ndiyo maana katika habari nzima ya seli hizi, kinachoniuma zaidi ni yule mama wa Sweden. Hakuombwa ruhusa. Kipande cha mwili uliotoka tumboni mwake kilisafirishwa kuvuka bahari, kikakinga mamilioni ya watoto, na yeye hakuambiwa. Mwenzenu aliyemjibu yule wa Mabawa kwa mkato amefuata nyayo hizo hizo: mama si mtu wa kuelezwa, ni mtu wa kupitiwa.

Msinielewe vibaya. Chanjeni! Rubela si vipele tu. Marekani, katika mlipuko wa 1964 na 1965, walizaliwa watoto wapatao 20,000 walioathirika tangu tumboni. Nami nimempokea mmoja kwa mikono hii, mboni zake nyeupe kama tui, nikapiga makofi karibu na sikio, hakushtuka. Mama yake alikuwa akitabasamu, hajajua bado. Chanjo hii nchini tumeanza kuitoa mwaka 2014, miezi 9 na miezi 18. Yule mtoto hakuikuta.

Kuhusu dini, msijifanye mashehe wala mapadri. Waambieni tu kwamba kwa Waislamu ipo hoja ya dharura, yaani lililokatazwa huruhusiwa panapo lazima, na kwamba mwaka 2005 Taasisi ya Kipapa ya Maisha ilisema mzazi asiye na chanjo mbadala anaweza kutumia hizi, huku akidai zitengenezwe nyingine. Kudai huko ni haki. Japani wanayo chanjo ya rubela iliyokuzwa kwenye seli za figo la sungura. Kwa nini wenye viwanda na serikali zetu wasiulizwe?

Mengine kwa kifupi. Si kila chanjo inatokana na seli hizi: ya pepopunda haimo, BCG ya kifua kikuu haimo, na ile ya saratani ya mlango wa kizazi ipo inayotengenezwa kwa hamira. Salimieni kwanza. Msimgombeze mama mbele za watu. Na nyinyi kina baba wa barazani mnaosambaza sauti za kutisha usiku, kesho yake asubuhi kliniki hamuonekani hata mmoja.

Jumamosi nilikwenda Mabawa, nikamkuta yule mama akikuna nazi. Nilimweleza yote, ya Sweden na ya sungura. Aliniuliza swali moja tu: "Yule mwenzangu, walimwambia?" Nikamjibu hapana. Akakuna kimya mpaka kifuu kikaisha. Hakusema kama atampeleka mtoto. Nimemwachia namba yangu, na Jumatatu baada ya alasiri nitapita tena.