Acha kumtahini mzee: vikao vya kuchangamsha akili kwa wenye matatizo ya mishipa ya ubongo

Familia nyingi zinazotuletea mzee huanza kwa kumpa mtihani hapo hapo mlangoni. "Baba, huyu ni nani? Leo ni siku gani? Asubuhi ulikunywa nini?" Mzee anainama, mtoto anatugeukia: "Si mnaona wenyewe." Tunajua ni wasiwasi unaoongea. Lakini maswali hayo ndiyo kitu cha kwanza tunachoomba kiachwe, hata kabla hatujazungumzia ada.

Wengi tunaowahudumia hapa Moshi ni watu wa presha na kisukari. Baadhi walishapata kiharusi cha kuonekana, mkono ukalegea, mdomo ukapinda. Wengine hawakuanguka hata siku moja: mishipa midogo ndani ya ubongo imekuwa ikiziba polepole kwa miaka, na kila kipande kilichokosa damu kikafa bila mtu kujua. Kwa watu hawa kumbukumbu mara nyingi siyo inayotangulia kupotea. Kinachopungua mapema ni kasi ya kufikiri na uwezo wa kupanga jambo lenye hatua nyingi. Mama aliyepika mtori maisha yake yote anasimama jikoni, ndizi zimemenywa, nyama ipo, na hajui aanze na lipi. Mzee anakaa kwenye kiti mchana kutwa bila kuanzisha neno, watu wanasema amenuna. Halafu hali inaweza kushuka ghafla, ikatulia miezi kadhaa, ikashuka tena. Mtaani utaambiwa ni uzee, au amerogwa. Uzee peke yake haumfanyi mtu hivyo.

Tiba tunayoifuata, yaani vikao hivi vya kuchangamsha akili, ilitengenezwa Uingereza. Mwaka 2003 Aimee Spector na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la watu 201 wenye dimensia, yaani ugonjwa wa kupungukiwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri: vikao 14, mara mbili kwa wiki kwa wiki 7, kila kimoja kama dakika 45, kwa kikundi kidogo. Waliohudhuria walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko wasiohudhuria, na wenyewe walisema maisha yao yana unafuu. NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, inapendekeza vikao hivi kwa dimensia ya hatua ya mwanzo na ya kati. Karibu na sisi zaidi, watafiti waliijaribu kwa wazee wa vijijini wilayani Hai na kuchapisha matokeo mwaka 2017: uwezo wa akili ulipanda, wasiwasi na tabia za kusumbua zikapungua. Ilibidi waibadilishe, maana nakala ya Kiingereza inategemea sana kusoma na kuandika.

Ukija kuchungulia kikao huenda ukadhani tunapiga soga tu. Kila siku ina mada yake: chakula, utoto, sauti, pesa, habari za wiki, michezo ya maneno. Siku ya pesa tunaweka mezani sarafu za zamani: senti tano yenye samaki, ishirini yenye mbuni, hamsini yenye sungura. Hatuulizi "hii ilitoka mwaka gani?" Tunauliza "senti tano ingekutosha nini dukani?" na "nani alikuwa mgumu wa kutoa hela nyumbani kwenu?" Hapo ndipo tofauti ilipo. Swali la kwanza lina jibu moja, na asiyelijua anaaibika. Maoni hayana kukosea, na ili uyatoe lazima utafute maneno, ulinganishe, umsikilize mwenzako, umjibu. Mzee aliyenyamaza nyumbani anaanza kubishana juu ya mbege ya kijiji gani ilikuwa kali. Sisi ubishi tunaupenda, mradi wasirushiane fimbo.

Kwa wenye tatizo la mishipa tunabadilisha kidogo namna ya kuendesha. Tukiuliza, tunasubiri, kwa sababu jibu linakuja ila linachelewa, na ndugu akimjibia amemnyang'anya zamu. Kazi yenye hatua nyingi tunaipa hatua moja moja. Asiyeanza mwenyewe tunamwekea kitu mkononi: kete za bao, punje za kahawa, kitenge. Aliyepooza upande mmoja tunamkalisha ili vitu viwe upande anaouona na kuutumia.

Tuseme pia ambacho hatufanyi. Sehemu ya ubongo iliyokufa hatuifufui, na anayekuuzia kidonge au mizizi kwa ahadi hiyo anachukua pesa yako bure. Majaribio mengi ya tiba hii yalichanganya watu wenye dimensia za aina mbalimbali, kwa hiyo hatuwezi kukuahidi kiwango fulani cha nafuu kwa aina hii ya mishipa. Tunachotarajia ni mzee mchangamfu zaidi, anayeongea zaidi, na uwezo uliobaki utumike badala ya kulala. Mtu ambaye hawezi kabisa kufuatilia mazungumzo, au ambaye kiharusi kimemwondolea usemi, kikundi kitamchosha. Huyo tunamwelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya kuongea au tunazungumza namna ya kumsaidia nyumbani.

Na vikao visichukue nafasi ya dawa za presha. Hapa hatuna mzaha. Utafiti wa Marekani uitwao SPRINT MIND, wa 2019, ulionyesha kwamba kuishusha namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 kulipunguza idadi ya waliopata upungufu mdogo wa akili, ukilinganisha na lengo la chini ya 140. Kiwango kinachomfaa mzee wako ataamua daktari wake, hasa kama anapata kizunguzungu akisimama. Sisi tunapima presha kabla ya kila kikao, na ikiwa juu sana anakwenda kliniki, hakai kwenye kikundi. Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, usitupigie sisi. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.

Siku ya kwanza njoo naye asubuhi, wakati bado hajachoka. Mletee miwani yake, na kama masikio hayasikii vizuri mtangulize kwa daktari wa masikio, maana nta tu imeshatufanya tuone mtu kama amepotewa na akili. Beba kadi ya kliniki na dawa zote anazotumia, hata zile za mitishamba. Utatusimulia pia alifanya kazi gani, alipenda nini, na ni jambo gani asiulizwe. Kisha utakaa nje. Nafasi kwenye kikundi hazizidi nane, na mkwe au mjukuu anayemtunza kila siku atafundishwa namna ya kuendeleza mazungumzo nyumbani. Hilo halina ada.