Tutangaziwe hali ya uchafuzi wa hewa baada ya utabiri wa mvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe ombi kwa Serikali, hasa kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA). Kila jioni tunatangaziwa mvua, upepo na urefu wa mawimbi baharini. Tutangaziwe pia hewa ya miji yetu imechafuka kiasi gani.

Nafundisha shule ya msingi iliyo kando ya Barabara ya Morogoro. Watoto wetu hukimbia mchakamchaka mapema asubuhi, saa ileile ambayo malori ya kwenda bara yamekwama kwenye foleni na daladala zinagombea abiria kituoni. Hewa ya alfajiri huwa imetulia. Moshi wa magari, wa majiko ya mkaa na wa taka zilizochomwa usiku haupandi, unatambaa palepale chini, usawa wa pua ya mtoto wa darasa la pili. Mpaka jua likolee na upepo wa baharini uanze kuvuma, ndipo unapotawanyika. Na mtoto anayekimbia huku akiimba anavuta hewa nyingi kuliko aliyekaa kwenye dawati.

Kuusogeza mchakamchaka mbele, au kuuacha kwa siku moja, hakuna gharama. Mwalimu wa zamu anaweza kuamua mwenyewe akiwa na taarifa. Vivyo hivyo shimo la taka lililo nyuma ya madarasa, ambalo shule nyingi zinalo: mtu akijua kwamba hewa ya kesho itakuwa nzito, hataliwasha moto.

Sisemi Serikali imekaa tu. Mwezi Mei 2024 ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Mabasi ya mwendokasi yapo barabarani tangu 2016. Yote ni mambo ya maana. Ila nani anaweza kutuonyesha hewa ya Kimara ilivyokuwa kabla ya mabasi hayo na ilivyo sasa? Tunatangaziwa mitungi ya gesi iliyogawiwa na idadi ya abiria, lakini moshi wenyewe sijasikia ukitangaziwa hesabu. Kanuni za viwango vya ubora wa hewa tunazo tangu 2007, na mwananchi wa kawaida hana pa kusoma kama leo viwango hivyo vimevukwa au la. Kama vipimo vipo ofisini, vitolewe.

Kinachotuumiza zaidi ni chembechembe ndogo mno, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Ukubwa wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya upana wa unywele, ndiyo maana zinapenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango kinachopendekezwa kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Jicho halioni tofauti hiyo. Asubuhi inayoonekana safi inaweza kuwa mbaya kuliko ile yenye vumbi.

Wapo wanaohofia kwamba takwimu zikitoka, watalii na wawekezaji watakimbia. Beijing nao waliwahi kuwa na hofu ya namna hiyo. Mwaka 2008 Ubalozi wa Marekani uliweka kipimo katika jengo lake na kuanza kutangaza hewa ya jiji hilo kila saa. Mwaka 2012 ofisa wa China alizitaka balozi za kigeni ziache. Wananchi walikuwa wameshazoea kuzisoma zile namba, wakawa wanaiuliza serikali yao kwa nini haisemi. Januari 2013 China yenyewe ikaanza kutangaza PM2.5 katika miji 74, na mwaka huohuo ikatoa mpango wa kusafisha hewa wenye malengo ya kupimika. Mitambo ya makaa ya mawe ikafungwa jijini, magari machakavu yakaondolewa. Wastani wa mwaka wa Beijing ulikuwa karibu mikrogramu 90 mwaka 2013; mwaka 2021 ulishuka hadi 33. Wawekezaji hawakukimbia.

Na hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Chuo Kikuu cha Makerere kina mradi wa AirQo, ulioanza 2015, unaotengeneza vipimo vya bei nafuu palepale Kampala. Vingine vimefungwa kwenye bodaboda. Mkazi wa Kampala anafungua simu na kuona hewa ya mtaa wake kwa rangi: kijani ni salama, njano ya wastani, nyekundu ni hatari, zambarau usiombe. Ni kweli vipimo vya bei nafuu hukosea visiporekebishwa kwa kulinganishwa na mtambo mkubwa, hivyo walau mtambo mmoja wa uhakika lazima uwepo, na uwe wetu. Machi 2025 Marekani ilisitisha kutangaza takwimu za hewa kutoka kwenye balozi zake duniani, na miji iliyokuwa ikitegemea vipimo hivyo ikabaki bila habari.

Tahadhari yangu ni moja. Taarifa hii isigeuzwe kuwa mzigo wa mwananchi. Mama lishe anayepuliza mkaa pembeni ya stendi hawezi kuambiwa abaki ndani kwa sababu leo ni nyekundu, atakula nini? Siku ya nyekundu iwe na wajibu kwa wakubwa kwanza. Halmashauri izime moto dampo, malori yapangiwe saa nyingine, na lile gari linalotema moshi mweusi lisimamishwe. Nimeona magari mengi yakikaguliwa breki, taa na tairi. Askari aliyeshika kipimo cha moshi sijamwona bado.

Tuanze na vituo vitatu, Ubungo, Kariakoo na Mbagala, na kimoja mbali na barabara kuu kwa ajili ya kulinganisha. Namba zisomwe na TBC baada ya utabiri, na shule zilizo kando ya barabara zitumiwe ujumbe wa simu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, watoto wakiwa bado hawajaanza kukimbia.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kimara, Dar es Salaam