Mwanangu, msikie Dana Andrews

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Uliniambia kwenye simu kwamba ukikiri habari za pombe mbele za watu, utakuwa umejimaliza. Maneno hayo yameninyima usingizi.

Palikuwa na mwigizaji wa Hollywood, Dana Andrews, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1909, mtoto wa mchungaji wa Kibaptisti, katika nyumba ya watoto 13. Alifika Los Angeles 1931 kwa kuomba lifti, akauza mafuta sheli. Waajiri wake wa pale walimwamini kiasi cha kumlipia masomo ya uimbaji. Mwaka 1944 filamu ya Laura ikampa jina. 1946 akaigiza kapteni wa jeshi la anga aliyetoka vitani na kukosa kazi ya maana, katika The Best Years of Our Lives, iliyopata Oscar ya filamu bora. Itafute, umtazame anapopanda ndege chakavu ya kivita na kuketi mle peke yake, jasho likimtoka. Hasemi neno, na bado unaelewa kila kitu. Kipaji kama hicho, mwanangu, pombe ilikitafuna. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 alikuwa akipewa zaidi filamu za bei rahisi.

Na bado mwaka 1963, chupa ikiwa haijamwachia, wenzake walimchagua kuongoza chama cha waigizaji wa filamu. Nakuambia hili kwa sababu kila nikikugusia pombe unanijibu, "Mama, mbona kazini sijaharibu?" Hata yeye kazini walimheshimu.

Alipoacha, hakujificha. Mwaka 1972 alitokea kwenye tangazo la televisheni la Wizara ya Usafirishaji ya Marekani, akataja jina lake, akasema yeye ni mlevi, hanywi tena, ila zamani alikuwa akinywa wakati wote. Nyakati zile waigizaji wa hadhi yake walikuwa hawathubutu kusema hivyo. Je, alijimaliza? Mwaka 1976 yumo katika The Last Tycoon. Alifariki 1992, akiwa na miaka 83.

Sikutaki kwenye televisheni. Niambie mimi kwanza, kwa kinywa chako, na sitapiga kelele wala kumpigia baba yako mdogo. Kuna kikundi cha walioacha pombe karibu na unapoishi. Nakuja Ijumaa. Ukikubali, Jumamosi tutakwenda wote.

Mama yako